Mpunga wa Kilombero na Swali la Njaa

Mara nyingi husemwa kwamba njaa hutokana na uhaba wa mvua, ardhi iliyochoka au uvivu wa watu. Historia ya bonde la Kilombero yatufundisha vingine. Mto hufurika wakati wa masika na kuacha udongo wenye rutuba, nao Wandamba na majirani zao wamelima mpunga humo tangu karne ya 19. Hata hivyo njaa imeingia, na nyuma yake umeonekana uamuzi wa wenye nguvu.

Ushahidi wa kwanza ni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Baada ya boma la Wajerumani la Mahenge, juu ya bonde hili, kushambuliwa Agosti 1905, majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, yakateketeza mashamba na kutwaa akiba za ghalani. Njaa ilifanywa silaha. Serikali ya Kijerumani ilikiri vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000 katika eneo lote la vita, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa na maradhi.

Ushahidi wa pili ni ardhi. Mwaka 1961 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya upimaji wa bonde la Rufiji, Kilombero ikiwamo. Mipango mikubwa ikafuatana: miwa ya Kidatu katika miaka ya 1960, kisha shamba la mpunga la Mngeta kwa ubia na Korea ya Kaskazini katika miaka ya 1980. Mwaka 2008 shamba hilo, hekta zipatazo 5,800, liliingia mikononi mwa kampuni yenye mitaji ya Ulaya. Mwaka 2015 Taasisi ya Oakland ya Marekani ilichapisha malalamiko ya wakulima wadogo juu ya ardhi na madeni, kampuni iliyakana.

Ushahidi wa tatu ni bei. Mkulima huuza mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, katika gunia la lumbesa, ili alipe madeni ya pembejeo. Ifikapo Februari hununua mchele kwa bei ya juu. Mwaka 2013 Serikali iliruhusu mchele wa kigeni uingie bila ushuru ili kuwapunguzia walaji ukali wa bei; mkulima akaona bei ya mpunga wake ikianguka. Aidha, utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 nchini walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mikoa jirani ya Iringa na Njombe, inayosifiwa kwa wingi wa chakula, ni nusu na zaidi.

Basi, watumishi wa Neno yatupasa kufikiri. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, Luther alihesabu shamba, mifugo na serikali njema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Nabii Amosi naye aliwakemea wafanyabiashara waliochezea vipimo. Lumbesa ni ndugu wa dhambi hiyo. Usharika unaoleta mpunga madhabahuni siku ya mavuno una haki ya kumsikia mchungaji wake akiuliza, tena hadharani, ni nani aliyelipima gunia na ni nani aliyepanga bei.