Dagashida, Dodoma na Nairobi: Nani Hujibiwa Kabla ya Sheria?

Basi la Dodoma likitoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, hupita Mkolani, likashika njia ya Shinyanga, Nzega na Singida, safari ya takribani kilomita 700. Mchuuzi wa samaki wa Mkolani akitaka kuieleza Kamati ya Bunge kwa mdomo wake mwenyewe anachoona kibovu kwenye muswada, huo ndio mwendo unaomsubiri, na nauli na malazi ni juu yake. Njia nyingine ni kuandika barua na kuombea isomwe.

Bungeni muswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza husomwa jina lake tu, bila mjadala, kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, nayo huita wadau. Mara ya pili Waziri huwasilisha, Kamati hutoa maoni yake, wabunge huchangia. Baada ya hapo Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima: Spika anakuwa Mwenyekiti, vifungu vinapitiwa kimoja kimoja, na mbunge mwenye jedwali la marekebisho anasimama kulitetea. Wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, na Mwenyekiti anaamua kwa sikio upande upi umeshinda. Ukishasomwa mara ya tatu, muswada huenda kwa Rais. Ibara ya 97 ya Katiba ya Tanzania inampa nafasi ya kuukataa kwa sababu atakazozieleza; lakini ukirudishwa kwake ndani ya miezi sita ukiungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote, atausaini ndani ya siku 21 au atalivunja Bunge.

Katika mlolongo wote huo, mwananchi wa kawaida ana mlango mmoja tu: Kamati. Na mlango huo hubanwa kila inapokuja hati ya dharura, inayoruhusu muswada kupitishwa haraka. Mwaka 2017 sheria mpya za maliasili, zilizogusa moja kwa moja migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, ziliingia Bungeni mwishoni mwa Juni na zikapitishwa mwanzoni mwa Julai. Waliozishangilia na waliozitilia shaka walipata siku chache zilezile za kuzisoma.

Wasukuma wana desturi nyingine ya kutunga kanuni: dagashida, mkutano wa hadhara wa jamii. Jambo hutajwa, wazee huzungumza, mwenye pingamizi husimama, na hujibiwa palepale na watu watakaoishi naye chini ya kanuni hiyohiyo. Kwa sababu hiyo adhabu ya kutengwa na jamii ilikuwa na uzito: aliyetengwa hakuweza kudai kwamba hakuwa na habari. Sungusungu, walinzi wa jadi waliozuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, walisimama juu ya desturi hii. Bunge lilikuja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Hapo sheria ilipanda kutoka kijijini hadi Bungeni, kinyume na mwendo tuliouzoea.

Tusiipambe lakini. Kwa muda mrefu dagashida ilikuwa baraza la wanaume, na Sungusungu walilaumiwa kwa kupiga na kufukuza watuhumiwa, wakiwemo waliosingiziwa uchawi, bila utetezi wala rufaa. Mahali ambapo wote wanafahamiana, mnyonge hana pa kujificha. Kamati ya Bunge, pamoja na umbali wake, ina kumbukumbu rasmi, na sheria yake inaweza kupingwa mahakamani.

Nairobi imejaribu kuziba pengo kati ya Bunge na wananchi kwa Katiba ya Kenya ya 2010, ambayo ibara yake ya 118 inaliamuru Bunge kuwashirikisha wananchi. Hata hivyo, Juni 25, 2024 Muswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106 wakati vijana waliokuwa wakiupinga wakilivamia Bunge na wengine wakipigwa risasi. Kesho yake Rais Ruto alikataa kuusaini. Vikao vya maoni vilikuwa vimefanyika. Wananchi walisema, na bado waliona hawakusikilizwa. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufani ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikitaja pia kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Oktoba, Mahakama ya Juu iliirejesha sheria hiyo.

Tofauti kubwa ya mabaraza haya matatu, basi, iko kwenye jibu. Dodoma huita, Nairobi imelazimishwa kuita, dagashida hujibu. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo mtu wa Mkolani anaweza kuusoma muswada mwenyewe, pamoja na madhumuni na sababu zilizochapwa mwishoni mwake. Hatua inayofuata ni Kamati kupeleka vikao vyake mikoani, kubakiza hati ya dharura kwa dharura za kweli, na kuchapisha maoni yaliyokataliwa pamoja na sababu ya kila kukataliwa. Nasi tuandike maoni yetu mara tu muswada unaposomwa kwa mara ya kwanza. Ukishasomwa mara ya tatu, kinachobaki ni mahakama au maandamano, na vyote viwili ni ghali kuliko nauli ya Dodoma.