Saksafoni na Ngoma ya Ukae

Juzi nilikuwa nasikiliza Chapter One: Latin America, albamu ya Gato Barbieri ya mwaka 1973. Muargentina huyu alishajipatia jina kwenye jazi ya Marekani na Ulaya. Humu saksafoni yake inaunguruma juu ya charango, kigitaa cha milima ya Andes, na filimbi ya quena. Nikaukumbuka ukumbi wa DDC Kariakoo.

Mlimani Park ilianza 1978, na nguzo yake mojawapo alikuwa Michael Enoch, aliyewahi kulicharaza gitaa Dar es Salaam Jazz. Rumba ilitufikia zamani, kwa santuri za Kikuba za GV. Ila mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji huu. Ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Tofauti ipo, tusidanganyane: kwa Barbieri ala za asili unazisikia zenyewe, kwa Sikinde uzitafute ndani ya gitaa na tumba.

Bibi yangu, Mzaramo wa Kisarawe, aliicheza sikinde yenyewe usichanani kwake. Hadi anafariki, mimi nilimuuliza habari za bendi tu.