Poti 4000: seva ndogo nyuma ya Riposte ya Beni na Butembo

Wasomi wenzangu, muulize mtu yeyote wa Butembo akuhadithie Ebola ya 2018. Atakuambia juu ya magari ya Riposte, ndoo za maji na klori mbele ya kila duka, vipima joto kwenye barriere, na risasi. Ndiyo tuliyoyaona sote kwa macho. Kuna kipande kingine cha historia hiyo ambacho wengi hatukukiona, juu ya nini? Juu ya kilifanyika ndani ya dirisha jeusi la kompyuta, lile lisilo na picha wala kitufe cha kubofya. Sisi tuliosoma informatique tunaliita terminali, na wengi wetu tuliliacha pale pale kwenye kozi ya mwaka wa pili.

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeshika watu 3,470 na kuua 2,287. Ni mlipuko mkubwa wa pili duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi wa 2014 hadi 2016. Tangu mwanzo swali lilikuwa moja: huyu mgonjwa mpya wa Katwa ameupata kwa nani? Jibu likikosekana, hujui nani wa kuchanjwa, nani wa kufuatiliwa siku 21. Na kwetu kuuliza majirani hakukutosha. Watu walikuwa na hofu, wengine walijificha, wengine waliamini kabisa kwamba ugonjwa wenyewe ni biashara ya watu fulani.

Hapo INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa kibiolojia inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ikaleta shahidi wa pili: kirusi chenyewe. Jenomu ya Ebola ni mfuatano wa herufi karibu 19,000. Kila kirusi kinapojinakili, mara moja moja kinakosea herufi. Fikiria syllabus ya profesa inayopita mkono kwa mkono: mtu wa kwanza akiandika neno vibaya, wote watakaonakili kwake wanabeba kosa lile lile. Ukikusanya nakila zote mezani, unaweza kusema nani alinakili kwa nani, hata kama wote wanakana. Kazi ya kusoma herufi hizo ilifanyika hapa nchini, Kinshasa na kisha Katwa yenyewe, pembeni ya Butembo. Kundi la akina Eddy Kinganda-Lusamaki, Placide Mbala-Kingebeni na Steve Ahuka-Mundeke lilichapisha matokeo mwaka 2021 katika jarida la Nature Medicine: jenomu mpya 744, zilizochukuliwa kati ya Julai 2018 na Aprili 2020. Ukiongeza 48 zilizokuwepo tayari, unafika 792, karibu asilimia 24 ya wagonjwa wote waliothibitishwa na maabara. Kwa eneo la vita, hiyo ni kazi ya kushangaza.

Sasa tuje kwenye kompyuta.

Kupanga jenomu mamia ili zitoe mti wa ukoo, walitumia Nextstrain, programu huria iliyoanzishwa na Trevor Bedford wa Seattle na Richard Neher wa Basel. Nextstrain ina sehemu mbili. Ya kwanza inaitwa Augur: inafanya hesabu, na kuitumia unaandika amri, huna pa kubofya. Ya pili inaitwa Auspice, na hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Auspice ni seva. Unaiwasha kwa mstari mmoja:

auspice view --datasetDir auspice

Maana yake ni: anza kuhudumia, na data utaikuta kwenye folda inayoitwa auspice. Terminali inajibu kwamba seva inasikiliza kwenye localhost, poti 4000. Unafungua kivinjari, unaandika anwani hiyo, na mti unatokea wenye rangi: Mangina, Beni, Katwa, Mabalako, kila tawi na tarehe yake. Neno localhost ni jina la kompyuta yako mwenyewe, anwani yake 127.0.0.1. Kwa hiyo unatembelea tovuti ambayo haijatoka kwenye meza yako.

Juu ya nini 4000 na si 80, wakati wavuti yote imezoea 80? Hapa kuna historia ya zamani. Katika Unix, mfumo ulioanza Marekani mwaka 1969 mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ilikuja kuwa desturi kwamba poti zilizo chini ya 1024 ni za msimamizi mkuu peke yake. Kompyuta moja ya chuo ilitumiwa na watu wengi, na haikufaa mwanafunzi mmoja ajifanye huduma rasmi ya chuo. Hivyo mtu wa kawaida anayewasha seva yake anachukua namba ya juu: 3000, 4000, 8000, 8080. Desturi hiyo imeishi hata kwenye kompyuta ndogo ambazo zina mtumiaji mmoja tu.

Tena kuna jambo la kufunga terminali. Kila aliyejaribu anajua: ukifunga lile dirisha, seva inakufa nalo. Wakati watu waliingia kwenye kompyuta kubwa kwa laini ya simu, laini ikikatika mfumo ulipeleka ishara kwa programu zote za mtu huyo: mwenyewe amekata simu, acheni. Ndiyo maana kuna amri ya nohup, yaani usijali simu ikikatwa, endelea. Na Tim Berners-Lee, alipowasha seva ya kwanza ya wavuti pale CERN mwaka 1990, alibandika karatasi juu ya kompyuta kuonya watu wasiizime. Karatasi hiyo ingechekesha hapa kwetu, ambako umeme hauombi ruhusa ya mtu.

Lakini kutokuwa na umeme na koneksyo ndiko kunakofanya kipande hiki cha historia kiwe chetu. Kumbukeni Desemba 2018. Tarehe 26 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi, hawatapiga kura siku moja na wengine, wangesubiri hadi Machi. Ebola na usalama ndizo sababu zilizotolewa. Kesho yake Beni iliwaka, na kituo cha wagonjwa kikavamiwa. Tarehe 31 intaneti ikakatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Kwa chombo kinachoishi kwenye wavuti peke yake, wiki tatu hizo ni ukuta. Seva ya localhost haiulizi kama kuna intaneti. Inahitaji betri, data, na mtu anayejua amri.

Na ukitaka wenzako wa chumba cha pili waone pia? Unabadilisha mpangilio mmoja kabla ya kuwasha:

HOST=0.0.0.0 PORT=4000 auspice view --datasetDir auspice

Anwani ya 0.0.0.0 ina maana: sikiliza kwenye milango yote ya mashine hii, si mlango wa ndani tu. Sasa yeyote aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaandika namba ya kompyuta yako na poti 4000, anaona mti. Ni rahisi mno, na hapo ndipo penye hatari.

Juu ya mti wa Auspice unaona namba za sampuli na maeneo. Lakini Riposte ilikuwa pia na orodha za watu: jina, umri, mtaa, nani alikula na nani, nani aliosha maiti ya nani. Go.Data, programu ya Shirika la Afya Duniani ya kufuatilia waliokutana na wagonjwa, iliyotumika katika mlipuko huu, nayo ni seva, na data yake inakaa ndani ya MongoDB. Sasa sikilizeni hii. Kwa miaka mingi usakinishaji mwingi wa MongoDB ulisikiliza kwenye milango yote bila kudai neno la siri, mpaka mwenyewe akumbuke kulifunga. Januari 2017 wahuni wa mtandaoni walipita duniani wakiokota hifadhidata za namna hiyo maelfu kwa maelfu, wakifuta data na kuacha ujumbe wa kudai pesa. Toleo la 3.6 lililotoka mwishoni mwa mwaka huo likabadilisha desturi: tangu hapo linasikiliza localhost, mpaka useme vingine. Mstari mmoja wa mpangilio, basi. Katika mji ambako Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu kutoka Kameruni, aliuawa tarehe 19 Aprili 2019 ndani ya hospitali ya chuo hapa Butembo, na ambako jina lako likisikika kwenye orodha majirani wanakukimbia, mstari huo si jambo la mafundi peke yao. Mimi naona ungepaswa kufundishwa kabla ya somo lolote la kutengeneza tovuti nzuri.

Mti wenyewe ulitoa nini? Mfano mkubwa ni wa mwisho wa 2019. Mgonjwa mmoja aliyetibiwa na kupona aliugua tena baada ya takriban miezi sita. Je, aliambukizwa upya na mtu mwingine, au ni kirusi kile kile kilichojificha mwilini? Kwa maswali ya nyumba kwa nyumba huwezi kujua. Jenomu zilipopangwa, kirusi chake cha pili kiliota juu ya tawi lake mwenyewe la kwanza: ulikuwa ugonjwa uliorudi. Na kutoka tawi hilo walitoka wagonjwa 91. Habari hiyo ilibadilisha namna ya kuwafuatilia waliopona, kwa sababu ilionyesha kwamba cheti cha kupona hakifungi mlango moja kwa moja. Pia ilikuwa habari ngumu, maana waliopona walikuwa tayari wananyanyapaliwa. Kuitoa hadharani kulihitaji ulimi wa taratibu.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ikatangazwa tena, safari hii Butembo na maeneo ya jirani: wagonjwa 12, vifo 6, ikaisha tarehe 3 Mei. Watu wakauliza kama kuna mnyama mpya porini. Jenomu ilijibu kwamba si mnyama, ni tawi la mlipuko wa 2018. Oktoba mwaka huo ikawa zamu ya Beni, wagonjwa 11 na vifo 9. Agosti 2022 Beni tena, mgonjwa mmoja peke yake, aliyefariki. Hata huyo mmoja jenomu yake ilisomwa, ikawekwa kwenye mti, na mti ukamrudisha kwenye mlipuko ule ule wa 2018.

Kodi na data za mti wa Kivu Kaskazini INRB iliziweka hadharani kwenye GitHub, jina la ghala ni ebola-nord-kivu. Finaliste anayetafuta mada ya TFC anaweza kuzishusha usiku, koneksyo ikiwa na bei nafuu, na kesho yake kuwasha seva bila megabaiti hata moja. Poti ni ile ile, 4000.