Bastola za kale za Herstal: thamani iko katika habari zake, si katika chuma

Kuna maneno yanayorudi kila mara watu wanapozungumzia vitu vya wakati wa Wabelgiji: kwamba mtu akiokota bastola ya zamani shambani au chini ya nyumba iliyobomoka, basi amekwisha kuwa tajiri, kwa sababu Wazungu wanainunua kwa maelfu ya dola. Maneno hayo ni kweli nusu. Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya bastola za kale na kuzilipia fedha nyingi. Lakini kile wanacholipia hasa, bastola iliyookotwa karibu haiwi nacho kamwe.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kurudi Ubelgiji, katika mji wa Herstal karibu na Liège. Huko ndiko kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki za jeshi la Ubelgiji. Wakati huo bastola nyingi zilikuwa za revolva, zile ambazo risasi zake zinakaa ndani ya kitu cha mviringo kinachozunguka. Katika miaka ya 1890 mafundi wakapata njia nyingine: kutumia nguvu ya risasi yenyewe. Risasi inapotoka mbele, nguvu inayorudi nyuma inatupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine mahali pake. Anayefyatua anabaki na kazi moja tu, kuvuta kidole tena.

Mjerumani Hugo Borchardt alitoa bastola ya namna hiyo mwaka 1893, na ile ya Mauser ikafuata mwaka 1896. Kisha Mmarekani John Moses Browning akapeleka kazi yake Herstal. Bastola yake ilikuwa ndogo, ya risasi 7, na jeshi la Ubelgiji likaichukua kwa maofisa wake mwaka 1900. Kabla ya vita vya 1914, Herstal ilikuwa imekwisha kutengeneza bastola milioni 1 zenye jina la Browning. Hata katika lugha ya Kifaransa jina hilo likawa neno la kuita bastola yoyote ya aina hiyo.

Moja kati ya hizo milioni inajulikana kwa namba yake: 19074. Ni Browning ya mwaka 1910. Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana Gavrilo Princip aliitumia kumwua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha mfalme wa Austria, pamoja na mke wake Sophie. Baada ya kesi, padri mmoja Myezuiti, Anton Puntigam, alichukua bastola hiyo na vitu vingine vya siku ile, akitaka kufungua nyumba ya makumbusho. Alikufa mwaka 1926 bila kuifungua. Bastola ikabaki mikononi mwa Wayezuiti wa Austria miaka mingi, na vitabu vingi vikaandika kwa makosa kwamba ilikuwa ile ya mwaka 1900. Ni mwaka 2004 tu ndipo ilikabidhiwa makumbusho ya jeshi mjini Vienna. Ilitambulikana kwa sababu namba yake ilikuwa imeandikwa.

Vita vilivyoanza kwa risasi hizo havikukawia kufika kwenye maziwa ya Kongo. Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilishambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune kwenye bandari ya Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Mwezi wa Septemba Wajerumani wakakamata kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Ubelgiji ikajibu kwa kutuma Force Publique upande wa mashariki, na tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo wakaingia Tabora. Nyuma yao walitembea wapagazi zaidi ya 200,000, wakibeba chakula, masanduku ya risasi na vipande vya mizinga. Wengi walikufa njiani kwa magonjwa, njaa na uchovu.

Leo, mtu anayekusanya bastola za miaka ile anaanza kwa kuangalia alama. Kila bastola iliyotoka Liège ilipaswa kupimwa na nyumba ya majaribio ya silaha, iliyoanzishwa mwaka 1672, na kupigwa mihuri yake. Kisha anatazama namba. Kwa bastola ya Luger, ambayo jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliichukua mwaka 1908, namba inapigwa kwenye vipande vingi. Kama namba zote zinalingana, bei inapanda. Kipande kimoja kikiwa na namba ya ngeni, bei inashuka sana.

Baada ya hapo anaangalia rangi ya chuma. Hapa wengi wasiojua wanaharibu mali yao. Wanaona kutu kidogo, wanasugua kwa msasa, wanapaka rangi mpya, wakifikiri wameongeza thamani. Kumbe wameipunguza, maana mkusanyaji anapenda chuma kilichochakaa lakini chenye rangi yake ya kiwandani kuliko chuma kinachong'aa kilichofanywa upya.

Mwisho anauliza karatasi. Ilikuwa ya nani? Ilipatikana wapi? Kuna barua, picha, mfuko wa ngozi wenye jina la ofisa? Bila hayo, hata alama zinaweza kusema uongo. Mfano ni bastola ya GP35, ambayo Browning aliianza na Dieudonné Saive akaimalizia. Inabeba risasi 13 katika kasha lake. Wajerumani walipokalia Ubelgiji kuanzia mwaka 1940, waliendelea kuitengeneza Herstal na kupiga juu yake muhuri wa tai. Saive alikimbilia Uingereza, na bastola hiyo hiyo ikatengenezwa Kanada na kiwanda cha Inglis, nyingine zikiandikwa maneno ya Kichina kwa sababu ziliagizwa na China. Muhuri wa tai unaongeza bei, kwa hiyo wapo wadanganyifu wanaoupiga juu ya bastola za kawaida. Karatasi ndiyo inayomtenga mwongo na mkweli.

Hata zile za ajabu kabisa bei yake haisimami mahali pamoja. Mwaka 1907 jeshi la Marekani lilifanya majaribio ya bastola, na Luger chache sana za risasi nene zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Moja yake ilinunuliwa dola milioni 1 mwaka 1989. Mwaka 2010 iliuzwa kwenye mnada chini kidogo ya dola 500,000. Chuma kilikuwa kilekile.

Kwa hiyo bastola iliyookotwa Kivu, Ituri au Tanganyika, bila karatasi, bila jina la mwenyewe, namba zimekwisha kuliwa na kutu, haina soko la heshima popote. Anayeitaka bila karatasi hanunui historia, ananunua kitu cha kuulia. Na kwa sheria ya Kongo ya mwaka 1985 juu ya silaha, anayekaa na silaha bila ruhusa ana kosa. Tena risasi iliyozeeka ndani ya mtutu inaweza kulipuka mtoto anapoichezea. Familia zinazorudi katika vijiji vilivyoachwa, zikikuta silaha au risasi ya aina yoyote, zisiiguse, ziweke alama kwa mbali, ziwazuie watoto, na kuwajulisha viongozi wa mahali au wafanyakazi wa kuondoa mabomu.

Lakini kanuni ya wakusanyaji inabaki na funzo. Bastola namba 19074 inajulikana duniani kwa sababu mtu aliandika namba yake. Wapagazi wengi waliokwenda Tabora hawajulikani kwa sababu hakuna aliyeandika majina yao. Katika familia nyingi bado kuna mzee anayekumbuka jina la babu aliyebeba mzigo huo, kijiji alichotoka, na njia aliyopita. Kuna picha moja, nishani moja, au karatasi moja ya zamani iliyookolewa wakati wa kukimbia. Hivyo ndivyo vitu vya kale vinavyostahili kutunzwa. Daftari na kalamu vinatosha: jina, mahali, mwaka, na nani aliyesimulia. Wazee wakiondoka kabla ya kuulizwa, habari hizo hazitapatikana kwenye mnada wowote.