Vayalar Ramavarma, Mtunzi wa Nyimbo za Kerala

Kusini kabisa mwa India, kando ya bahari, iko nchi ya Kerala, nchi ya minazi na mito, ambako watu husema Kimalayalam. Humo Wahindu, Waislamu na Wakristu hukaa mlango kwa mlango tangu karne nyingi. Wakristu wa huko, kadiri ya mapokeo yao, walipata imani kwa Mtume Tomasi, mwaka 52. Tulikumbuke jambo hilo la ujirani. Bila hilo hatutamfahamu mtu tunayemweleza hapa.

Vayalar Ramavarma alizaliwa tarehe 25 Machi 1928 katika kijiji cha Vayalar, nacho ndicho kilichompa jina. Ukoo wake ulikuwa wa Wahindu wenye cheo. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na mama yake. Baadaye alitunga shairi juu ya mtoto aliyefiwa na baba naye haelewi kifo ni nini. Aliyebaki yatima utotoni atajua shairi hilo lilitoka wapi.

Alikuwa na miaka 18 msiba ulipoingia kijijini. Mwezi wa Oktoba 1946 watu wa kazi, wengi wao wasokota kamba za makumbi, waliinuka pamoja na Wakomunisti kuipinga serikali ya Travancore. Tarehe 27 askari waliwapiga risasi hapo Vayalar, wakafa wengi. Kijana wa ukoo bora akajiweka upande wa maskini, na mashairi yake yakalaumu vikali ukuta wa tabaka na wa dini. Kitabu chake kimoja alikiita Rozari na Uzi Mtakatifu, yaani uzi ule wanaovaa begani Wahindu wa tabaka za juu. Mwaka 1957, mjini Thiruvananthapuram, nguzo ya kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya uhuru ilipofunguliwa, wimbo ulioimbwa ulikuwa wake. Mwaka 1961 Akademia ya Fasihi ya Kerala ilimpa zawadi kwa kitabu chake Sargasangeetham.

Lakini wasiosoma vitabu walimjua kwa sinema. Tangu 1956 hata kufa kwake alitunga nyimbo zaidi ya 1,000. Mwenzake mkubwa alikuwa Devarajan, mwanamuziki aliyetaka maneno kwanza, sauti baadaye. Katika Chemmeen, sinema ya 1965 juu ya wavuvi, alifanya kazi na Salil Chowdhury, Mbengali aliyezoea kuanza na sauti. Hapo mshairi alipaswa kupata maneno ya kuenea katika sauti iliyokwisha kutungwa. Kazi ngumu hiyo, nayo watu waliimba bila kuona mshono.

Mwaka 1969, katika sinema Nadhi, alitunga wimbo wa kumwomba Bikira Maria. Devarajan, asiyeamini Mungu, alitia muziki. Akaimba Yesudas, Mkatoliki wa Kochi. Mwaka uleule, kwa sinema nyingine, alitunga wimbo wa kumsifu Krishna. Je, si unafiki? Sisi hatudhani. Mtunzi wa sinema huazima kinywa cha mwingine: mvuvi, mama mjane, msichana anayesali. Ramavarma alikuwa amewasikia jirani zake wakisali, akayaheshimu aliyoyasikia.

Kwa jina lake mwenyewe alisema mengine. Wimbo wake wa 1972, katika sinema juu ya baba Mhindu na baba Mwislamu, ulizishitaki dini zenyewe kwamba zimegawanya nchi na mioyo. Nao ulipata zawadi ya taifa la India. Hapo hatuwezi kumfuata mpaka mwisho. Lakini anayejua damu iliyomwagika India mwaka 1947, Wahindu, Waislamu na Masingasinga wakiuana, hatamshangaa.

Alifariki mjini Thiruvananthapuram akiwa na miaka 47, tarehe 27 Oktoba 1975, siku ileile ya risasi za kijijini kwake. Tangu 1977 zawadi yenye jina lake hutolewa kila mwaka kwa mwandishi wa Kimalayalam, na mwanawe Sarath Chandra Varma amekuwa mtunzi wa nyimbo za sinema kama baba yake.