Mikasi kwenye Meza ya Chakula

Shangazi yangu ana saratani ya damu, ile inayoitwa lukemia sugu ya mailoidi. Huu ni mwaka wa tano. Kila siku akishakula anameza dawa yake, anafuta mdomo, kisha anaendelea kubishana nasi habari za siasa. Siku moja nikajiuliza: hivi dawa hii ilianzia wapi? Nikaanza kusoma, na safari ikanifikisha kwenye meza ya chakula mjini Chicago.

Janet Rowley alizaliwa New York mwaka 1925. Alipotaka kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, darasa la watu 65 lilikuwa na nafasi 3 tu za wanawake, nazo zilishajaa. Basi akasubiri miezi tisa. Alihitimu mwaka 1948, akaolewa kesho yake, akazaa wavulana wanne, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache tu kwa wiki ili apate kuwalea.

Mwaka 1960, watafiti Peter Nowell na David Hungerford wa mjini Philadelphia walikuwa wameona kromosomu moja fupi kupita kiasi katika damu ya wagonjwa kama shangazi. Watu wakadhani kipande kimepotea. Rowley alikuwa akibeba picha za kromosomu nyumbani, anazikata kwa mikasi na kuzipanga mezani. Wanawe walimtania kwamba anacheza na wanasesere wa karatasi. Lakini mwaka 1972, katika aina nyingine ya lukemia, aliona kwamba kromosomu namba 8 na namba 21 zimebadilishana vipande. Akairudia ile fupi, namba 22. Kumbe kipande hakikupotea, kilikuwa kimehamia namba 9! Mwaka 1973 jarida la Nature likachapisha habari hiyo.

Wengi hawakushtuka. Walizoea kuamini kwamba saratani ndiyo inayovuruga kromosomu, si kinyume chake. Ilichukua miaka kuthibitika kwamba pale vipande vinapoungana huzaliwa jeni mpya, na protini yake huziamuru seli zizaliane bila kukoma. Imatinibu, dawa ya kuizuia protini hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Na jambo hili si la Chicago peke yake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda. Baadaye ikaonekana kwamba katika ugonjwa huo, mara nyingi kromosomu namba 8 na 14 hubadilishana vipande. Jeni iitwayo MYC huhamia jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo hazilali. Nayo MYC hukeshea kazi. Ni sawa na mtu mtulivu aliyehamia mtaa wa ngoma: kilichobadilika ni jirani.

Rowley alifariki Desemba 2013, akiwa na miaka 88, kwa saratani ya ovari. Kwake hakikuwepo kidonge cha namna hii.

Nilimsimulia shangazi yote haya. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na hao watoto, walikuja kumwelewa mama yao?" Kisha akaomba maji, akameza dawa.