Utalii wa Utamaduni Mara: Fedha ya Mgeni Ifike Kijijini

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mgeni anayetoka Mwanza kwa barabara kuu iendayo Sirari hulifikia lango la Ndabaka kabla ya kuingia mjini Bunda. Wengi huiacha barabara hapo. Huingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa upande wa magharibi, hutazama nyumbu na mamba wa Mto Grumeti, kisha hupitia Seronera na kuendelea kuelekea Arusha. Bunda, Butiama na Musoma hubaki kuwa majina yaliyoandikwa kwenye vibao. Wakati huohuo, wakulima wa vijiji vya Bunda vinavyopakana na hifadhi hukesha wakiwafukuza tembo mashambani, na wengi wao hawajawahi kupata hata shilingi moja kutoka kwa mgeni huyo.

Utalii wa utamaduni endelevu unalenga kuipunguza tofauti hiyo. Kwa maana yake ya msingi, ni utalii ambao wenyeji ndio waandaaji wake: wao huongoza matembezi, hupika chakula, hupiga ngoma, hueleza historia yao na kupanga bei. Hapa nchini mpango huu ulianza katikati ya miaka ya 1990 katika vijiji vya kaskazini, kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii Tanzania na shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV. Jambo lililoutofautisha na utalii mwingine ni mgawanyo wa malipo. Katika ada anayolipa mgeni, sehemu huenda kwa mwongozaji na watoa huduma, na sehemu huingia katika mfuko wa maendeleo wa kijiji, ambao husaidia mahitaji kama madarasa na visima. Pasipo mgawanyo huo, kikundi cha ngoma hubaki kuwa burudani ya hotelini tu.

Mkoani Mara, kivutio kinachotangulia vyote ni Butiama. Hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili, 1922, na ndipo alipozikwa baada ya kufariki dunia jijini London tarehe 14 Oktoba, 1999. Kaburi lake lipo Mwitongo, kwenye makazi ya familia, karibu na makaburi ya baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe. Jirani na hapo ipo Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake. Ndani yake zimehifadhiwa zawadi alizopokea akiwa kiongozi pamoja na vitu vyake binafsi. Jina Mwitongo lenyewe lina maana ya mahame, yaani mahali walipowahi kuishi watangulizi, na mgeni akielezwa hivyo huanza kupatazama mahali pale kwa jicho jingine.

Msitu wa Muhunda, uliopo hapohapo Butiama, unastahili maelezo zaidi. Kwa imani ya Wazanaki ni makazi ya roho inayowalinda, nayo huweza kujitokeza kwa umbo la mnyama. Miti yake imesalimika kwa sababu watu waliuheshimu, muda mrefu kabla ya kuwapo maofisa wa misitu. Kwa hiyo mgeni huingia kwa ridhaa ya wazee, na anapaswa kuyapokea masharti yao. Msitu huo ukigeuzwa njia ya kila apitaye, kilichomvuta mgeni kitakuwa kimetoweka, na wenyeji watakuwa wamepoteza zaidi ya mapato.

Musoma ina mambo ya aina nyingine. Shule ya Msingi Mwisenge ndiyo iliyompokea Kambarage mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, umbali wa takribani kilomita 40 kutoka nyumbani kwao. Ziara inayoanzia darasani Mwisenge na kuishia Mwitongo ina mantiki kuliko ya kaburi pekee. Mjini humo pia lipo Ziwa Victoria, na mwalo wa Mwigobero ambako sangara na dagaa hupokelewa. Wavuvi wa Kijita na Kikwaya wana maarifa ya upepo, nyavu na mitumbwi ambayo hayajaandikwa popote kwa ukamilifu. Bunda, kwa upande wake, ni mlango: iko jirani na Ndabaka, na kupitia Kisorya ni njia ya kivuko kwenda Ukerewe.

Si kila mila, hata hivyo, ni bidhaa ya utalii. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na hakuna mwongozaji anayeruhusiwa kuupamba kwa jina la utamaduni. Mkoani Mara zipo nyumba salama zinazowahifadhi wasichana walioukimbia. Kwa upande mwingine, litungu la Wakurya, zeze la nyuzi nane, linahitaji wapigaji vijana, nao hawatajifunza ikiwa malipo ya mpigaji hayatoshi nauli ya kumrudisha nyumbani.

Wananchi wanaotaka kuanzisha shughuli hizi wanashauriwa kusajili kikundi kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yao, kumwona ofisa utamaduni kwa ushauri, na kuomba leseni kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wasusi wa vikapu wa Butiama, au cha vijana wa Bunda wanaotaka kuongoza wageni, kina haki ya kuomba mkopo huo sawa na kikundi cha wafuga kuku.